Mapitio ya zana za mtandao za FreeBSD, baada ya siku nzima na kadi ya mtandao niliyoilaumu bure

Zana ninazozipitia hapa hazinunuliwi. Ukisakinisha FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, zinakuja nayo: `ifconfig`, `netstat`, `tcpdump`, `sysctl`, `dmesg`, `pciconf`, na ile ripoti ambayo mfumo humwandikia root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kila usiku. Nimezitumia kwa miaka kumi na moja, moja leo, nyingine kesho. Wiki iliyopita nilizitumia zote kwa mfululizo, kwenye seva moja, kwa tatizo moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi giza likaingia. Nimetoka na maoni kuhusu kila moja, na mengine si yale niliyokuwa nayo asubuhi ile.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Alhamisi tulihamisha seva kutoka kabati moja la mitambo kwenda jingine. Tuliizima vizuri, tukaibeba, tukachomeka kebo kwenye swichi ya kabati jipya, ikawaka. Tukai-ping, yaani kuitumia ujumbe mdogo na kungoja jibu, ikajibu. Tukaingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, ikatupokea. Tukaondoka. Jumatatu asubuhi nikakuta kazi ya nakala za akiba haijamaliza hata usiku mmoja tangu tuhame. Ni gigabaiti 40 hivi, zinazoanza kutumwa saa nne usiku na kwa kawaida hukamilika baada ya saa moja. Sasa zilikuwa zinakwenda kwa kilobaiti 300 kwa sekunde, kiasi ambacho kingehitaji zaidi ya saa 36 kufika mwisho. Kila asubuhi programu ndogo ya kuzuia kazi zisiingie kwenye saa za ofisi ilikuwa inaikata njiani, kimyakimya.

Ping ilisema kila kitu kizima. Pakiti mia zimekwenda, mia zimerudi, chini ya milisekunde moja. Nikaipa pakiti kubwa kwa `ping -D -s 1472`, ambayo ukijumlisha vichwa vyake inatimiza baiti 1500 kamili na hairuhusiwi kukatwa vipande. Zote zikarudi. Basi si suala la ukubwa wa pakiti.

Hapo nikaenda moja kwa moja kwenye `tcpdump`, kwa sababu ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote. Iliandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley na Van Jacobson, Sally Floyd, Vern Paxson na Steven McCanne, watu ambao majina yao utayakuta kila unapochimba jinsi TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data na uthibitisho wake, inavyoepuka msongamano. Hadi leo ukiiendesha unaona mazungumzo ya mashine mbili neno kwa neno. Niliona seva yangu ikituma, ikingoja uthibitisho, ikikosa, ikituma tena kipande kilekile. Mara sekunde nzima inapita bila kitu. Kisha kidogo kinakwenda, kisha kimya tena. Dalili ya upotevu iko wazi, hakuna ubishi.

Lakini nilipoongeza `-v` nikaona kitu kingine: karibu kila pakiti iliyotoka kwenye seva ilikuwa na neno `incorrect` kwenye jumla yake ya uhakiki, ile namba ya kukagua kama pakiti imefika bila kuharibika. Nikajiambia, nimeipata. Kadi inaharibu hesabu, upande wa pili unazitupa pakiti. Nikapoteza saa mbili kwenye njia hiyo, nami nataka mwingine asipoteze hata dakika kumi, kwa hiyo nieleze. Kadi za siku hizi hufanya hesabu ya uhakiki zenyewe ili kuipunguzia seva kazi. Kerneli, kiini cha mfumo, huiachia kadi nafasi ile bila kuijaza, na kadi huijaza mwishoni kabisa, pakiti inapoingia kwenye waya. `tcpdump` huchukua nakala yake kabla ya hapo. Kwa hiyo inaona hesabu ambayo bado haijakamilika na kuiita mbovu. Kwa pakiti zinazotoka hilo si kosa. Ukitaka kuhakikisha, zima kazi hiyo kwa `ifconfig em0 -txcsum -tso` (`em0` ndilo jina la kadi yangu) na `incorrect` zote zitatoweka. Mimi nilizizima, zikatoweka, na nakala zikaendelea kwenda kilobaiti 300 kwa sekunde.

Hili ndilo jambo nililojifunza kuhusu `tcpdump` baada ya miaka yote hii, na ndilo ningetaka liandikwe kwenye mstari wa kwanza wa mwongozo wake. Imesimama upande wa ndani wa kadi. Fremu, yaani pakiti ikiwa imefungwa kwa safari ya waya, ikifika imeharibika, kadi inaitupa kabla kerneli haijaiona, na `tcpdump` haitajua kwamba ilikuwapo. Fremu iliyokatwa katikati wakati wa kutumwa, `tcpdump` itakuonyesha kama iliyotoka salama. Kwa tatizo la juu, la anwani, la milango, la ngome, la programu inayojibu vibaya, sina zana ninayoiamini zaidi. Kwa tatizo la waya inakuonyesha majeraha bila kukuonyesha kisu.

Baada ya hapo nikaigeukia kadi. `pciconf -lv` ikaniambia iko, imetambuliwa, ni ya Intel, na imeshikwa na draiva ya `em`, programu inayoiendesha. Hiyo ni zana ndogo isiyosifiwa vya kutosha: kadi isiyo na draiva inajitokeza pale na jina linaloanza na `none`, na unajua papo hapo kwamba huna haja ya kuhangaika na anwani za IP. `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, nayo haikuwa na lolote. Kiungo kimepanda, hakijashuka tena. Ningekuta mistari ya kiungo kushuka na kupanda kila dakika, ningeshuku kebo. Kebo niliibadilisha hata hivyo. Hakuna mabadiliko. Ikafika saa tisa alasiri nikiwa na kadi nyingine mkononi, seva iko tayari kuzimwa, na bisibisi iko juu ya meza.

Kijana ninayefanya naye kazi, ambaye hana hata mwaka mmoja kwenye mambo haya, alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma matokeo ya `ifconfig em0` yaliyobaki kwenye skrini. Akauliza, "Dada, hii `half-duplex` hapa ndiyo inavyotakiwa kuwa?"

Mstari ule nilikuwa nimeusoma asubuhi, labda mara nne. Nilijua swichi za kabati lile ni za zamani, za megabiti 100. Nikaona `100baseTX`, nikaridhika, jicho likaishia pale. Neno lililofuata ndilo lililokuwa na habari yote.

Tuseme hivi. Dupleksi nusu ni kama redio ya upepo: mmoja akibonyeza kitufe na kuzungumza, mwingine anasikiliza. Dupleksi kamili ni kama simu: wote wanaweza kusema kwa wakati mmoja na wote wakasikika. Seva yangu ilikuwa inaamini iko kwenye redio ya upepo. Swichi ilikuwa inaamini iko kwenye simu.

Sasa itazame fremu moja kwa karibu. Seva inasikiliza waya, kimya, inaanza kutuma fremu ya baiti 1,518. Imefika katikati. Wakati huo swichi ina uthibitisho wa TCP wa kuiletea, nayo haiulizi mtu, inautuma. Seva inasikia sauti kwenye waya huku yenyewe ikisema, na kwa sheria za dupleksi nusu huo ni mgongano. Inakata fremu yake, inanyamaza. Kipande kilichokatwa kinafika kwenye swichi kikiwa hakina mwisho wala hesabu sahihi, swichi inakitupa na kuongeza moja kwenye hesabu yake ya makosa. Uthibitisho uliokuwa unakuja haupokelewi, na swichi haitaurudia, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichogongana na chochote. Kibaya zaidi, mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za kwanza huhesabiwa kuwa umechelewa, na kadi nyingi haziirudii fremu ya aina hiyo zenyewe. Inabidi TCP iliyo juu ingoje, igundue kwamba kuna kilichopotea, ipunguze mwendo, ianze upya. Ndiyo zile sekunde za kimya nilizoziona kwenye `tcpdump`.

Na ndiyo maana ping ilikuwa nzima. Ping inatuma kimoja, inangoja jibu, inapumzika sekunde nzima. Pande mbili hazisemi kwa pamoja karibu kamwe. SSH vilevile, herufi moja moja. Ni pale tu mzigo unapokwenda upande mmoja na uthibitisho ukirudi upande wa pili bila kukoma ndipo kiungo kinaposambaratika. Yeyote anayepima mtandao kwa ping peke yake na kusema uko sawa, huu ndio ugonjwa utakaompita.

Hapo ndipo `netstat` ilipopata heshima yangu. Iendeshe hivi: `netstat -I em0 -w 1`. Inakuandikia mstari mmoja kila sekunde, na safu ya mwisho kabisa ni ya migongano. Nilisimamisha nakala, safu ikasoma sifuri, sifuri, sifuri. Nikaianzisha tena: 22, 35, 28, 19, 31. Nikaisimamisha, sifuri. Tulikaa mimi na yule kijana tukirudia mara tatu, tukiiwasha na kuizima, na namba zikitii. Baada ya siku nzima ya kubahatisha, kuona sababu na matokeo vikitembea pamoja mbele ya macho yako ni raha ambayo sijui niieleze vipi.

Kisha tukaenda ndani zaidi kwa `sysctl dev.em.0.mac_stats`. Hapa draiva ya `em` inakufungulia hesabu zinazotunzwa na kadi yenyewe: migongano ya mara moja, ya mara nyingi, iliyopita kiasi, fremu zenye hesabu mbovu, na ile niliyokuwa naitafuta, `late_coll`. Namba ilikuwa ndefu. Kwenye kiungo chenye afya inatakiwa kuwa sifuri, na ikianza kupanda kwenye kebo fupi ya mita mbili, fikiria dupleksi kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Sehemu hii ya mfumo naipa alama zote. Tahadhari ni moja: kila draiva ina majina yake na kiwango chake cha uwazi. Hiki ninachokieleza ni cha `em`, na baadhi ya kadi hazikupi hata nusu yake.

Chanzo chenyewe kilikuwa kwenye swichi. Mlango wa 7, tuliochomeka, uliwahi kutumiwa na mashine ya zamani ambayo haikuweza kujadiliana mwendo, na mtu aliyeupanga wakati huo aliulazimisha kuwa megabiti 100, dupleksi kamili. Mashine iliondoka, mpangilio ukabaki. Mlango uliolazimishwa hautumi ishara za majadiliano. Seva, iliyoachiwa `autoselect`, yaani ijichagulie yenyewe, ikasikiliza na kutambua mwendo kutokana na umbo la mawimbi yenyewe. Dupleksi haiwezi kutambulika kwa njia hiyo, na kanuni ya Ethernet inaagiza kwamba usipojua, chukua nusu. Kila upande ulifuata sheria. Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu, wala kadi, wala kebo, wala swichi.

Kwa majaribio nililazimisha seva kwanza: `ifconfig em0 media 100baseTX mediaopt full-duplex`. Fanya hivyo ukiwa mbele ya mashine yenyewe, si kupitia SSH, kwa maana kiungo hushuka kwa muda, na ukikosea umejifungia nje. Migongano ikaisha palepale. Lakini sikuuacha hivyo, kwa sababu ningekuwa nimeweka mtego uleule kwa atakayehamisha seva hii miaka ijayo. Nikarudisha `autoselect`, nikaingia kwenye swichi, nikauondolea mlango wa 7 ule ulazimishaji. Wakajadiliana, wakakubaliana. Desturi ya kulazimisha mwendo ilikuwa na maana katika miaka ya mwanzo baada ya majadiliano kuingizwa kwenye kanuni mwaka 1995, wakati vifaa vingi havikuelewana. Kwa gigabiti ya waya wa shaba, iliyopitishwa mwaka 1999, majadiliano ni sehemu ya lazima. Ninapokuta mlango umelazimishwa siku hizi, nauliza nani aliupanga hivyo na kwa ajili ya kitu gani, na ikiwa hakuna anayekumbuka, naurudisha.

Nina malalamiko mawili ya dhati. La kwanza ni kwa `ifconfig`. Neno zito kama `half-duplex` limebanwa mwishoni mwa mstari, ndani ya mabano, kati ya vitu ambavyo karibu kila mara viko sawa. Kwenye Linux, `ethtool` huandika mwendo kwenye mstari wake na dupleksi kwenye mstari wake, kila kimoja na jina lake, na jicho haliwezi kuruka. Huo ni ubora wa kweli nami nautamani huku. Hata hivyo `ifconfig` ya FreeBSD ina jambo ambalo sitalibadilisha kwa lolote: ni amri moja ya anwani, ya kiungo, ya mwendo na ya uwezo wa kadi, na imekaa hivyo tangu enzi za BSD ya miaka ya 1980 ilikozaliwa. Jina la kiolesura nalo linakutajia draiva, kwa hiyo ukiona `em0` unajua ufungue `man em`. Kurasa hizo za mwongozo ni sehemu ya bidhaa, na ni nzuri. Ya `em` inakuorodhesha miendo yote inayoweza kulazimishwa na kukueleza kila moja maana yake.

La pili ni kwa `netstat -i` isiyo na `-w`. Inakupa jumla tangu seva ilipowaka, basi. Migongano milioni moja katika miaka mitatu na migongano milioni moja tangu jana ni namba ileile kwenye skrini. Bila kipimo cha pili cha kulinganisha nacho huna ulilojua.

Kipimo cha pili kilikuwapo, na hili ndilo lililonikalisha chini jioni ile. Tulipomaliza, nikiwa bado nimeingia kama root, niliona mfumo unaniambia nina barua. Nikafungua `mail`. Zilikuwa ni ripoti za kila siku, zile ambazo FreeBSD huzitengeneza saa tisa usiku na dakika moja bila kuombwa. Ndani ya kila ripoti mna sehemu ya hali ya mtandao, na sehemu hiyo ni `netstat -i` yenyewe, safu kwa safu. Ripoti ya Ijumaa: `em0`, migongano 412,655. Ya Jumamosi: 1,236,410. Jumapili na Jumatatu, hivyohivyo, ikipanda. Kabla ya Alhamisi ilikuwa sifuri, kurudi nyuma hadi ripoti ya zamani kuliko zote iliyokuwa kwenye kisanduku. Mfumo ulianza kusema ndani ya saa chache tu baada ya sisi kuondoka kwenye kabati lile, na ukasema kila usiku, kwenye kisanduku ambacho hakuna aliyekuwa anakifungua kwa sababu barua za root kwenye seva ile hazikuwa zimeelekezwa kwa mtu yeyote.

Nilifungua `/etc/aliases`, nikaweka anwani yangu na ya yule kijana mbele ya jina la root, nikaendesha `newaliases`, nikatuma barua ya majaribio. Ikafika kwetu wote wawili. Nakala za akiba usiku ule zilianza saa nne na kuisha saa tano na dakika mbili. Asubuhi ripoti ilikuwa kwenye simu yangu, na kijana alikuwa ameshaisoma kabla yangu. Aliniandikia namba mbili tu za migongano, ya jana jioni baada ya kurekebisha na ya leo, na zilikuwa zinalingana.